Mizani Hulala, Vina Husimama

Miaka michache iliyopita niliketi na waamuzi wenzangu wanne katika chumba kimoja cha mjini Moshi, mbele yetu rundo la karatasi za mashindano ya ushairi ya wanafunzi. Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu alfajiri, na sisi tulikuwa tumejifunika hesabu. Kwa saa nne tulihesabu mizani. Tulipoifikia karatasi ya kijana mmoja wa Kibosho tuliicheka, kisha tukaiweka kando. Mimi niliinua mkono pamoja na waliokataa. Nayaandika makala haya ili niueleze mkono ule, na niuteremshe.

Msomaji atapenda kujua tulikataa nini. Karatasi ilikuwa na ubeti mmoja tu, ulioandikwa katika safu mbili zilizoachana:

Maji yatoka mtoni, — mwenye jembe huamka,
Yapita mwetu shambani, — kwa zamu akayashika,
Hayakwami safarini, — jirani akayataka,
Yafika hadi bondeni, — na wote wakaridhika.

Chini yake kijana aliandika: "Someni kwa kulala, kisha kwa kusimama."

Ukiusoma kwa kulala, kama tulivyozoea, ni ubeti wa tarbia usio na kasoro ya arudhi: mizani kumi na sita kila mshororo, kina cha kati na cha mwisho vimetimia. Ukiusoma kwa kusimama, ukwapi wote kwanza, unapata safari ya maji peke yake, toka mtoni hadi bondeni, bila mtu hata mmoja. Ukishuka na utao peke yake, maji yenyewe yametoweka. Limebaki jambo lisilotajwa, ambalo mtu alilishika kwa zamu, jirani akalitaka, na wote wakaridhika. Utao umekuwa kitendawili, na jibu lake limo katika safu ya jirani. Nani asiyejua kwamba ndivyo maji yalivyo mlimani, kwamba habari zake siku zote ziko kwa jirani?

Haya sikuyaona siku ile. Siku ile nilisikia hoja tatu, nikazikubali zote. Mwamuzi wa kwanza alisema: "Huu ni mchezo wa kompyuta, wa kigeni, haumo katika jadi yetu." Wa pili alisema: "Hawa watoto wa mlimani wanataka kutufundisha arudhi sisi tuliozaliwa nayo pwani." Wa tatu, aliyekuwa na busara kutupita sote, alisema: "Ufundi wa kupindua maneno ni mwepesi. Kinachotakiwa katika shairi ni maana." Mimi mzaliwa wa Unguja, niliyeletwa Moshi na kazi ya kufundisha, nilitikisa kichwa kwa kila mmoja. Leo nazijibu moja moja, na ya tatu nitaipa heshima inayostahili.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana kijana hakukana kwamba aliutoa kwenye kompyuta. Alipokuja kuichukua karatasi yake nilimuuliza, naye akanieleza kwa adabu.

Waandishi wa programu wana mchezo wao wauitao gofu. Katika gofu la uwanjani, anayeutia mpira shimoni kwa mapigo machache ndiye mshindi. Katika gofu la programu, anayeifanya mashine itimize kazi kwa herufi chache ndiye mshindi. Jina hilo lilienea mwishoni mwa miaka ya 1990 miongoni mwa watumiaji wa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, lakini mapenzi ya ufundi wa namna hii ni ya zamani zaidi. Tangu mwaka 1984 kumekuwa na mashindano ya kimataifa ya kuandika programu za lugha ya C zilizofumbwa makusudi, ambazo mtu mzima husoma asielewe na mashine huzitii barabara. Mafumbo, msomaji! Wenzetu wana mashindano ya mafumbo.

Baadhi ya wachezaji hao hujiwekea sharti gumu zaidi. Programu ikishaandikwa, safu zake zilalazo zisimamishwe: mstari wa kwanza uwe safu wima ya kwanza, wa pili uwe ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kisha mashine iambiwe isome upya. Ikiwa bado inafanya kazi, mtunzi amefaulu. Kijana alinichorea mfano mdogo kabisa, wa hesabu ya kujumlisha tu:

1 + 5
+ 0 +
3 + 2

Soma kwa kulala, mstari kwa mstari: 1+5+0+3+2. Jibu ni 11. Soma kwa kusimama, nguzo kwa nguzo: 1+3+0+5+2. Maneno yamebadili mpangilio, na jibu ni lile lile 11. Kisha akachora mwingine:

8 − 5
+ 0 +
3 − 1

Kwa kulala ni 8−5+0+3−1, yaani 5. Kwa kusimama ni 8+3−0−5+1, yaani 7. "Huu wa pili, mwalimu," aliniambia, "umesimama ukavunjika." Hapo ndipo nilipoanza kuona haya, maana nilikumbuka beti nyingi nilizozipa alama za juu siku ile, na nikajiuliza ni ngapi zingesimamishwa zisivunjike.

Sasa hoja ya kwanza: kwamba jambo hili ni geni kwetu.

Hebu tutazame tunachokifanya kila tunapolipima shairi. Mizani tunaihesabu kwa kulala: nane kwa nane, kutoka ukwapi hadi utao. Vina tunavikagua kwa kusimama: macho yanashuka kutoka mwanzo hadi mloto, mleo hadi kimalizio, tukitazama kama kina kimeshikamana na kina. Mizani hulala, vina husimama. Hakuna mwamuzi wa Kiswahili awezaye kulipitisha shairi la jadi kwa kulisoma upande mmoja tu. Ubeti wetu ni mkeka: kuna ukindu uendao huku na ukindu ukatishao kule, na anayevuta mmoja tu hana mkeka, ana fungu la majani.

Si hivyo tu. Tungo zetu zimekwisha pinduliwa, na hazikuvunjika. Tenzi za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na mara nyingi vipande vinne vya ubeti vililala katika mstari mmoja au miwili, vikitenganishwa kwa alama. Zilipopigwa chapa kwa hati za Kirumi, mwelekeo uligeuzwa ukawa wa kushoto kwenda kulia, na vipande vile vinne vikasimamishwa kimoja juu ya kingine, kama tuvionavyo vitabuni leo. Kilichokuwa kimelala kikasimama. Msomaji aliyekulia katika vitabu vya chapa hajui hata kama kuna kilichotokea, kwa kuwa utenzi uliendelea kufanya kazi. Kama hiyo si programu iliyopinduliwa ikafanya kazi, basi sijui ni nini.

Tena tuna zana zote za mchezo huu, na majina yake tunayo tangu zamani. Mtunzi anapolifupisha neno ili mizani itoshe, tunaita inkisari. Wacheza gofu hawafanyi jingine. Anapolirefusha, tunaita mazida. Anapougeuza mpangilio wa sentensi ili kina kikae mahali pake, tunasema ameboronga sarufi, na tunamsamehe. Neno la mwisho wa ubeti likianza ubeti ufuatao, tunaita pindu, au mkufu. Watoto wa Unguja walicheza kinyume, wakiitoa silabi ya mwisho na kuiweka mwanzo, mbuzi akawa zimbu na nyumba ikawa mbanyu. Mchezo huo Edward Steere aliukuta visiwani katika karne ya 19 akauandika. Wazee wa kaskazini walituachia Dura Mandhuma, lulu zilizotungwa uzini, utungo unaofuata alifabeti ya Kiarabu herufi baada ya herufi. Nani aliyewaambia wazee hao kwamba wanacheza mchezo wa kigeni?

Na kuna bao. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane, jumla mizani 32. Kete za bao ni 64. Ubeti wa tarbia una mishororo minne ya mizani kumi na sita, jumla mizani 64. Sidai kwamba waliochonga bao walihesabu mizani, wala kwamba malenga walihesabu kete. Atakayelidai hilo na alete ushahidi. Nasema tu kwamba unaweza kuutia ubeti mzima wa utenzi katika bao, silabi moja kila shimo, na hakuna shimo litakalobaki tupu. Watu waliozoea kuzungusha kete katika safu nne kwa nane, na kuona kwa jicho moja ya mbele na ya nyuma, hawana haki ya kushtuka kijana anapoushusha utao.

Naja kwenye hoja ya pili, ya pwani na bara. Hii sitaiheshimu.

Kitabu cha sheria tunachokinyooshea kidole kila tunapotaka kumkataa mtu ni Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Mtunzi wake, Sheikh Kaluta Amri Abedi, alizaliwa Ujiji mwaka 1924, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwendo wa majuma mengi kutoka Bahari ya Hindi kwa wale waliokwenda kwa miguu. Ngonjera ziliinuliwa na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma. Mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi walitoa diwani wakaiita Malenga wa Bara, na jina hilo lilikuwa jibu tosha. Arudhi ilizaliwa pwani, hapana shaka. Mimi mwanawe siwezi kuikana. Lakini mlinzi wake mkuu katika karne ya 20 alikuwa mtu wa bara, na sisi tunamnukuu asubuhi na jioni tukisahau alikotoka. Mtoto wa Kibosho akija na jambo, tuulize jambo lenyewe ni nini; alikolala usiku hakutuhusu.

Nakumbuka pia kwamba tumewahi kuufunga mlango huu. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani ya desturi, wahafidhina walisema kwamba yule hakujua arudhi. Ugomvi ule ulichukua miaka mingi. Leo kijana huyu amekuja na arudhi kamili, mizani yote, vina vyote, kisha akaongeza sharti juu ya masharti yetu, na tumemkataa vile vile. Aliyeyapunguza masharti tulimfukuza, aliyeyazidisha tumemfukuza. Basi tunalinda nini? Naogopa jibu ni kwamba tunalinda viti vyetu.

Sasa hoja ya tatu, ya mwamuzi yule mwenye busara: kwamba kupindua ni kwepesi, na maana ndiyo ngumu.

Hapa nakubali nusu, na nusu hiyo niikubali kwa mifano. Kiswahili, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia vokali, ni lugha iliyobarikiwa kwa mchezo huu. Chukua maneno mawili ya silabi mbili, la pili lianze kwa silabi iliyolimaliza la kwanza:

le – ta
ta – a

Leta taa. Isimamishe: leta taa. Haibadiliki. Vivyo hivyo soma maji: so-ma, ma-ji, ilale au isimame. Watu hushangilia, lakini hapana cha kushangilia. Hiyo ni pindu ya silabi tu. Lugha imeifanya kazi, mtunzi amelala. Mraba unaosomeka sawa pande zote mbili haujasema lolote la pili, umejirudia kama kasuku.

Huu ni mgumu kidogo:

pi – ga
ta – ri

Kwa kulala: piga tari. Kwa kusimama: pita gari. Kulala kwake ni usiku wa maulidi. Kusimama kwake ni mtu wa stendi ya Moshi akipisha basi la Arusha. Hapa angalau maneno yamebadilika, na kati ya kusoma kuwili kuna umbali wa safari nzima. Lakini bado ni kichekesho, sikatai.

Na huu ndio mraba ambao kijana alikuwa ameuandika nyuma ya karatasi yake, ambao hakuna mwamuzi aliyeugeuza kuuona:

ha – ba – ri
ba – a – dhi
ri – dhi – ka

Habari, baadhi, ridhika. Ulaze au usimamishe, ni maneno yale yale matatu, kwa hiyo kwa kipimo changu mwenyewe ungepaswa kuanguka pamoja na leta taa. Lakini maneno haya matatu, yakifuatana hivyo, yanasema kitu: katika habari utapewa baadhi, uridhike. Ni wasia. Na wasia huo unamgusa msomaji wa upande mmoja kuliko mtu mwingine yeyote. Nilipouona niliketi chini.

Mwamuzi wetu angeniuliza: je, ni mara ngapi mraba hutoa wasia, na ni mara ngapi hutoa upuuzi? Ana haki. Waroma wa kale walikuwa na mraba wa maneno matano ya herufi tano, uliokutwa hata katika magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79. Husomeka kwa kulala na kwa kusimama, mbele na nyuma. Lakini neno moja kati ya yale matano, Arepo, wataalamu hawaoni likitumika mahali pengine popote katika Kilatini, na wengi huamini ni jina lililobuniwa ili mraba utimie. Hilo ndilo dhambi la mchezo huu: maneno yakikataa kukaa, mtu hubuni Arepo wake. Kwa upande wa pili yuko Su Hui, mwanamke wa Uchina wa karne ya 4, aliyefuma katika hariri mraba wa herufi 29 kwa 29 ili kumrudisha mumewe aliyekwenda mbali naye, na beti zake husomeka kwa njia nyingi mno. Yeye hakufuma ili aonekane fundi. Alikuwa na mtu wa kumwambia, na njia moja haikumtosha.

Basi kipimo ni hiki, nacho nakitoa kwa wacheza gofu na kwa malenga kwa pamoja: kusoma kwa pili kuwe na kazi ambayo kusoma kwa kwanza hakuiwezi. Utao wa ubeti wa kijana ulipowaondoa maji wenyewe ukabaki kitendawili, ulifanya kazi hiyo. Leta taa haikuifanya. Na wacheza gofu wajue kwamba nao wana hila zao ambazo hazipaswi kuhesabiwa. Lugha nyingi za kompyuta zina alama ya maelezo. Chochote kiandikwacho baada yake mashine hukiruka. Baadhi yao huificha programu ya pili nyuma ya alama hiyo, kila moja ikinyamaza mwenzake anapozungumza, kisha husema wamepindua. Huko ni wapangaji wawili katika nyumba moja, wasiosalimiana. Afadhali yule aliyebuni lugha ya Befunge mwaka 1993, Chris Pressey, ambamo amri huenda kulia, kushoto, juu na chini kama kete ubaoni, na herufi ile ile hutumika na anayepita kwa kulala na anayepita kwa kusimama.

Lakini kabla hatujawacheka kwa alama yao ya maelezo, tujitazame. Nitatunga utao wa aina tuijuayo sote, ili nisimguse mtu:

nawaambia hakika,
kwa yakini na hakika,
jambo hili ni hakika,
hilo halina dhihaka.

Mizani nane, nane, nane, nane. Kina kimetimia. Ushushe utao huu peke yake, kama tulivyoushusha wa kijana, uone umesema nini. Haukusema kitu. Ni maelezo ambayo mashine ingeyaruka, na sisi huyaruka pia, ila huyapa alama. Mwezi mzima baada ya siku ile nilizipitia upya karatasi tulizozipitisha, nikisoma ukwapi peke yake, kisha utao peke yake. Sitataja idadi, maana sikukusudia kuwaaibisha vijana waliotuamini. Nitasema tu kwamba shairi tulilolipa nafasi ya kwanza lilisimama likavunjika, na ubeti tulioutupa ulisimama ukatembea.

Hapa ndipo pana jambo zito, na ndiyo sababu sikuridhika kunyamaza. Mashine ya kompyuta, tunayoidharau kuwa haina roho, haiwezi kuipitisha programu kwa kuhesabu herufi zake. Lazima iiendeshe. Ikifanya kazi, imefanya. Isipofanya, imekataa, hata kama ni nzuri kwa macho. Sisi tulio na roho tulihesabu tu. Kati yetu na mashine, nani alikuwa mashine siku ile?

Anayekaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Wachagga wana mifongo, mifereji iliyokuwapo kabla Johannes Rebmann hajauona mlima mwaka 1848. Mfongo huanzia mtoni huko juu, ukapitishwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, ili maji yasikimbie yakabomoa kingo wala yasisimame yakatuama. Kisha hugawanywa matawi yashukayo vihambani, penye migomba na kahawa. Una safari mbili, ya kulala na ya kusimama. Fundi akiikosea ya kulala, ya kusimama haina maji. Akiikosea ya kusimama, ya kulala imepotea bure. Na mfongo ukishachimbwa wazee hawaupimi kwa kamba wakaondoka. Hufungua maji, wakafuata nayo kwa miguu mpaka kihamba cha mwisho, waone kama jirani wa chini amepata.

Kijana yule alikulia kando ya mfongo, na ubeti wake ulichimbwa hivyo. Sisi tuliupima kwa kamba.

Wako watakaosema kwamba nafanya jambo kubwa kwa ubeti mmoja. Nami nawauliza: vijana wetu wenye akili ya namna hii watakwenda wapi? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituletea Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye maneno ya Kiswahili, na wengi tulidhani huo ndio mwanzo wa Kiswahili kuwa nyumbani ndani ya kompyuta. Lakini lugha haiwi nyumbani mahali kwa kutafsiriwa vitufe. Huwa nyumbani pale watu wanapocheza nayo, wakaitania, wakaifumba, wakaipindua. Kijana wa Kibosho alifanya hivyo kwa hiari yake, tukamwambia kwamba mlango ni mwingine. Alinieleza, bila uchungu wowote, kwamba tangu siku ile huandika programu tu, na programu zake zote maneno yake ni ya Kiingereza. "Huko, mwalimu, ikifanya kazi wanakubali," alisema.

Nawaomba wenzangu wa visiwani na wa pwani, mnaokaa katika meza za uamuzi, mambo matatu. Kwanza, kila ubeti wa vipande viwili mnaoletewa, mshushe ukwapi peke yake na utao peke yake kabla hamjautia alama. Haichukui dakika moja. Pili, ubeti utakaosema jambo jipya kwa kusimama, mwupe alama yake ya ziada waziwazi, kama tunavyompa mwenye kutunga pindu isiyokatika, na kina chenye kujaza nafasi tu mkikatie alama waziwazi vile vile. Tatu, mpeni mraba wa silabi jina na bahari yake, ili mtoto atakayeuleta kesho asiambiwe kwamba ameleta fumbo la gazeti. Jina silitoi mimi. Aliyekataa hana haki ya kubatiza.

Nakala ya karatasi ile nimeihifadhi, mbele na nyuma. Ya asili niliirudisha kwa mwenyewe, nikaandika chini ya maneno yake alama ambazo ningempa kama ningesoma kwa njia zote mbili, pamoja na jina langu na tarehe ya siku tuliyoikosea. Aliisoma akacheka, akaikunja. Kisha akaniuliza kama waamuzi wengine wanne nao wataandika. Nimewapelekea nakala. Nangoja.